Siku Moja Pamoja na Ndege wa Mida na Sokoke

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za viumbe mnaowaona kila siku, ila pengine hamjapata kuwauliza, "Mwatoka wapi, na mwaenda wapi?" Viumbe hao ni ndege. Hatutaeleza habari za ndege wote, maana maneno yangekuwa mengi kuliko muda tuliopewa. Tutawachukua pamoja nasi kwa siku moja tu, katika mwezi wa Aprili, kwenye ghuba ya Mida na msitu wa Sokoke, kusini ya Malindi katika pwani ya Kenya, tangu alfajiri hata giza la usiku.

Kwa nini tumechagua mwezi wa Aprili? Mwezi huo katika pwani yetu ni wakati wa tanga mbili. Kaskazi imekwisha choka, na kusi bado haijapata nguvu; ndipo mabaharia wa zamani walipokuwa wakijiweka tayari kutweka matanga na kurudi Arabuni. Mvua za masika zinaanza kunyesha. Lakini mbali sana, katika nchi za kaskazini za Ulaya na Asia, wakati huo huo baridi inakwisha, theluji inayeyuka, miti inachipua majani, na mchana unazidi kuwa mrefu siku hata siku. Ndege wengi waliokuja kwetu kukimbia baridi hiyo sasa wanataka kurudi walikozaliwa. Basi Aprili ni mwezi wa kuagana. Aendaye pwani siku hizo huwaona wageni wakijiandaa kwa safari, na wenyeji wakianza kujenga viota vyao.

Kabla hatujaondoka, yafaa tujue jinsi watu walivyoigundua safari hiyo. Zamani huko Ulaya wako hata wataalamu waliodhani kwamba mbayuwayu, wakati wa baridi, hujizika katika tope la maziwa na kulala humo mpaka jua lirudi. Hawakuweza kusadiki kwamba kijidege chepesi kama jani kingeweza kuvuka bahari na jangwa. Lakini mwaka 1822 korongo mmoja mweupe alipigwa risasi katika nchi ya Ujerumani, naye alikuwa na mkuki uliopenya shingo yake, akiruka nao hivyo hivyo. Watu walipoutazama ule mkuki waliona kwamba haukutengenezwa Ulaya, bali Afrika. Korongo yule alikaushwa, na yuko hata leo katika Chuo Kikuu cha mji wa Rostock. Kisha, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege miguuni pete nyepesi za alumini, kila moja na nambari yake, ili atakayemshika ndege huyo popote aweze kupeleka habari. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete ya namna hiyo katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu yule yule akashikwa Natal, Afrika ya Kusini. Tangu hapo hapakuwa na ubishi tena: mbayuwayu tumwonaye juu ya nyaya za simu zetu ana makao mawili, na dunia nzima ni njia yake.

Basi na tuende. Tulifika Mida saa kumi na moja na nusu alfajiri, jogoo wakiwika. Siku hizo zilikuwa za bamvua, na maji yalikuwa yamejaa hata yamefunika mizizi ya mikoko. Mgeni husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja, lakini mwenyeji ajua kuutenga kila mti kwa jina lake. Kuna mkoko wenyewe, ambao mizizi yake huinama majini kama miguu ya kaa, kuna mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama vidole, kuna mkandaa, ambao ganda lake hutoa rangi, kuna muia, kuna mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, na kuna mlilana, ambao husimama mbele ya wenzake ukitazama bahari. Miti hii ilikuwa mali kubwa ya pwani. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti zake kwenda nazo Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko vyumba vingi vya nyumba za kale upana wake ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo ya kupeleka boriti nje Kenya iliizuia mwaka 1982. Twaitaja kwa sababu tutaona punde kidogo kwamba yuko msafiri mwingine ambaye bado hufuata njia ile ile, wala hahitaji jahazi.

Kulipopambazuka tuliona, juu ya fungu dogo la mchanga ambalo maji hayakulifikia, kama zulia la rangi ya kijivu lililotandikwa. Tulipolikazia macho, tukaona kwamba lile zulia ni ndege: mamia ya vitwitwi na sululu na jamaa zao, wamesimama bega kwa bega, wengi kwa mguu mmoja, midomo wameificha katika manyoya ya mgongo. Walikuwa wakingoja maji yapwe. Ndege hawa hawafuati mchana na usiku kama sisi. Saa yao ni bahari: maji yakipwa wanakula, hata ikiwa ni usiku wa manane, maji yakijaa wanalala, hata ikiwa ni mchana kweupe.

Maji yalipoanza kuondoka, zulia likapasuka vipande vipande. Hata ilipofika saa tatu, matope ya Mida yalikuwa wazi mbali sana, na kila ndege yuko kazini. Hapo tukaona jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Fundi seremala ana randa, ana msumeno, ana patasi, wala hatumii chombo kimoja kwa kazi zote. Ndege wa pwani wamegawana kazi vivyo hivyo. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda kwenda chini; huutia ndani ya shimo la kaa, ukafuata kona ya shimo, akamvuta mwenyewe nje. Kitwitwi mmoja mdogo, atokaye Urusi na nchi jirani zake, ana mdomo uliopinda kwenda juu, naye hukimbia mbio ameinama, akifukuza vijikaa juu ya tope. Mwingine ana mdomo mfupi na macho makubwa. Huyu hukimbia hatua chache, husimama kimya, hutazama, kisha hurukia alichokiona. Mwingine tena hupindua mawe na majani ya bahari ili aone kilichojificha chini yake. Kwa hiyo tope moja huwalisha wengi bila ugomvi, maana huyu achukua kilicho juu, na yule achukua kilicho ndani.

Miongoni mwao tuliwatazama sana vitwitwi wenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo, ambao rangi yao yatuambia kalenda. Mwezi wa Desemba ndege hawa ni wa kijivu mgongoni na weupe tumboni. Lakini Aprili hii wengi walikuwa wamekwisha vaa nguo ya arusi: kifua na tumbo vyekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Uzito wa mmoja ni kama gramu 60, yaani hauzidi uzito wa yai la kuku. Naye huzaa katika nchi za Siberia zilizo kando ya Bahari ya Barafu, zaidi ya kilometa 8,000 kutoka Mida. Ili apate nguvu za kufika huko, majuma ya mwisho kabla ya kuondoka hula kwa bidii mpaka mafuta yanatanda chini ya ngozi yake, na uzito wake unaongezeka zaidi ya theluthi. Mafuta hayo ndiyo akiba ya njiani. Asipoyapata Mida na pwani nyingine kama Mida, hana dukani pa kuyanunua mbele ya safari.

Mwanafunzi mmoja aliyefuatana nasi akauliza, "Ikiwa hapa pana chakula hivi, kwa nini wasizae hapa hapa wakaepuka taabu?" Swali hilo ni zuri. Jibu ni kwamba huko kaskazini, kwa majuma machache ya kiangazi chao, jua halichwi kabisa. Ardhi iliyokuwa barafu inakuwa kinamasi, na wadudu hutoka humo kwa wingi usiosemeka. Kifaranga aliyezaliwa huko aweza kujilisha usiku na mchana, akakua upesi. Jike huyu hutaga mayai manne kwa kawaida, nayo huatamia na kulea peke yake. Dume hutangulia kurudi kusini. Lakini hata huko hakukosi hatari. Wako panya wanono wa nchi za baridi ambao ndio chakula cha mbweha. Mwaka ambao panya hao ni wengi, mbweha hushiba na vifaranga hupona. Mwaka ambao panya wamepungua, mbweha huyageukia mayai na vifaranga, na msimu unaofuata sisi hapa pwani twaona ndege wachanga wachache tu. Angalieni basi: wingi wa panya wa Siberia waweza kujulikana kwa kuhesabu ndege katika matope ya Mida.

Sasa twamrudia yule msafiri wa njia ya majahazi. Ni ndege mrefu mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Chakula chake hasa ni kaa, nasi kwa mazungumzo haya tutamwita mla-kaa. Mida ni mahali pake mashuhuri. Huja makundi kwa makundi, wakatembea polepole juu ya tope kama wazee waendao barazani, kisha ghafula mmoja akatimua mbio na kumdunga kaa. Ndege huyu hatoki Ulaya wala Siberia. Huzaa katika visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, wakati wa joto kali kuliko yote. Wala hajengi kiota juu ya mti. Huchimba shimo katika mchanga, kama panya, na ndani yake jike hutaga yai moja tu, jeupe pe. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia yai, hata wazazi waweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta chakula. Na kinda akiisha kukua na kuruka, mzazi hamwachi mara moja; hufika naye hata Afrika, na miezi hiyo ya kwanza mtu aweza kumwona kijana mkubwa kama mamaye akilia na kuomba kaa. Sasa fikirini: ndege atagaye yai moja kwa mwaka, akiharibiwa shimo lake au akisumbuliwa ulaji wake, atachukua miaka mingapi kulipa hasara hiyo?

Jua lilipokuwa kali tuliondoka matopeni, tukaenda kupumzika Gede. Mji huu wa kale wa Waswahili, wenye msikiti mkuu na jumba la mfalme na makaburi ya mawe, uliachwa na watu katika karne ya 17, na msitu ukautwaa. Siku hizi mibuyu na mikuyu imesimama juu ya kuta zake, na hondohondo hulia juu ya mihrabu. Tukaona chini ya miti ndege wa hudhurungi, kifua cheupe kilichojaa madoadoa meusi, akipekua majani makavu kwa utulivu. Huyu naye ni mgeni, ila safari yake ni kinyume cha wale wa Mida: yeye hutoka upande wa kusini, na hufika kwetu majira haya haya ambayo wenziwe wa kaskazini wanatuaga. Hivyo nyumba yetu haikai tupu. Mmoja anatoka kwa mlango huu, mwingine anaingia kwa mlango ule.

Saa tisa alasiri tukaingia msitu wa Sokoke, ambao kwa jina kamili huitwa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 420, nao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya namna hii katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Zamani misitu ya pwani ilikuwa mingi zaidi, kutoka Somalia kwenda kusini. Sasa imebaki vipande vipande, kama nguo iliyopasuka. Sokoke uliwekwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake mna misitu mitatu, na kila mmoja hufuata udongo wake. Upande wa mashariki, penye mvua zaidi, miti imechanganyika, na mbambakofi ni mmojawapo. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama mirihi, mirefu na ya nafasi, na mwanga hupita kati yake. Upande wa magharibi, juu ya udongo mwekundu, pana vichaka vizito vya miti migumu, na mtu hawezi kupenya bila kupasua shati.

Katika mirihi yatupasa kutembea polepole na kusikiliza. Dakika kumi huenda usione hata ndege mmoja; kisha mara moja mti wote hujaa sauti, na ndege wa namna kumi au zaidi hupita pamoja wakitafuta wadudu: chozi katika maua, kigogota katika shina, wengine katika majani. Husafiri pamoja kwa sababu macho mengi humwona kozi upesi kuliko macho mawili. Katika msafara huo tulibahatika kumwona kwera mmoja wa Sokoke, dume mweusi na manjano. Habari zake ni za ajabu. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1913, wakampima na kumchora. Lakini kiota chake hapana aliyekiona. Kwera ni jamaa ya ndege mafundi wa kusuka viota, nao hupenda kuvitundika mbele za watu. Huyu alikuwa na siri. Kila mwaka, masika yakiingia, alitoweka msituni. Ikapita miaka 100. Hatimaye, mwaka 2013, viota vilionekana katika kinamasi cha muda, yaani kidimbwi cha mvua chenye majani marefu, huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Basi ndege huyu wa msituni huzaa katika kinamasi, na kinamasi chenyewe hukauka mvua zikikatika. Tena hakuna nchi nyingine duniani anakoishi. Makao yake yote ni jimbo la Kilifi. Mtu akiichoma mkaa miti ya Dakatcha, ama akilima kile kidimbwi, amemfungia mlango wa pekee, hata kama Sokoke yote imesalimika.

Tulipokuwa tunatazama juu, mzee mmoja Mgiriama alitokea katika njia itokayo mashambani. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwatafuta nini huko juu?"

"Twatazama ndege, mzee."

Akacheka kidogo, akaegemea fimbo yake. "Ninyi mwatazama ndege mchana. Mimi hutazama tembo usiku. Tembo wa msitu huu wamekula mahindi yangu misimu miwili. Nami nikiingia kukata mti mmoja wa kujengea, nashikwa. Niambieni ninyi mliosoma: huyo ndege mdogo anilisha nini?"

Hatukumjibu kwa haraka, maana si haki kumjibu mtu wa namna hiyo kwa maneno matupu. Tukamweleza tuliyoyajua. Mizizi ya mikoko ya Mida huficha kamba na kaa na samaki wachanga ambao baadaye ndio riziki ya mvuvi. Nyuki wa msituni huchavusha mimea, na mizinga hutoa asali. Pale Gede, tangu mwaka 1993, wakulima waishio kando ya msitu hufuga viwavi vya vipepeo, na vikiisha kugeuka vifuko, kabla vipepeo havijatoka, hupelekwa kuuzwa ng'ambo, kwenye nyumba ambazo watu hulipa kuingia ili wavitazame. Vipepeo hao hawapatikani ila msitu uwepo. Na pale Mida, wageni wapitao juu ya daraja la mbao lililotundikwa kati ya mikoko hutoa malipo, na fedha hizo husaidia karo za watoto wa sekondari waishio kandokando ya ghuba na msitu.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni kweli, hata jirani yangu huuza vipepeo. Lakini fedha za vipepeo zaingia nyumba ya jirani, na tembo waingia shamba langu."

Wasikilizaji, maneno hayo twayaleta kwenu kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo zima. Wako watu wapendao ndege wanaosema habari za msitu kana kwamba pembeni yake hakai mtu. Wako na wengine wanaosema habari za shamba kana kwamba msitu ni uchafu wa kufagiliwa. Wote wawili hawakuhesabu vizuri. Faida ya msitu huenda kwa wengi, hata kwa watu wa Siberia na Oman ambao ndege wao hula kwetu. Hasara yake humwangukia mtu mmoja mwenye shamba mpakani. Waya wa umeme uliowekwa mpakani ili kuzuia tembo, kazi ya kuwaongoza wageni, karo za shule, mizinga na vipepeo, hizo zote ni njia za kusawazisha mizani. Pale ambapo mizani haijalingana, haifai kumlaumu mzee kwa kunung'unika. Msitu haulindwi na walinzi tu. Hulindwa na jirani aonaye kwamba kuuhifadhi kwamfaa yeye na watoto wake.

Tuliagana naye kwa heshima, tukasogea upande wa udongo mwekundu kungoja giza. Baada ya jua kuchwa, mbu wakatuzunguka. Na saa moja ya usiku ilipokaribia, tukasikia mluzi mdogo, laini, unaorudiwa mara kwa mara kwa kipimo kilekile: tuu, tuu, tuu, tuu. Huyo ndiye bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake haupiti sentimeta 17 hivi, yaani mtu mzima aweza kumficha katika viganja viwili. Wengine ni wa kijivu, wengine hudhurungi, wengine wekundu kama udongo wenyewe, na mchana hulala chini chini katika vichaka, asionekane kabisa. Ukimya wake ni mwingi hata wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1965, na jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1966. Nje ya msitu huu na sehemu nyingine chache za jirani, ameonekana pia katika vilima vya chini vya Usambara, Tanzania.

Twajua kwamba kwetu bundi hapendwi. Akilia juu ya paa watu husema ameleta habari ya kifo, na vijana hutoka na mawe. Lakini fikirini vema. Watu hufa na bundi asilie, na bundi hulia kila usiku na watu wakaamka wazima. Bundi wakubwa hula panya wanaomaliza nafaka ghalani, na huyu mdogo hula wadudu. Anayemwua bundi amewaokoa panya.

Mwisho, twapenda kuwapa wanafunzi na walimu mashauri machache, maana jambo hili si la matajiri wala la wageni tu. Kwanza, chagueni mahali pamoja karibu na kwenu, bwawa, shamba la mpunga, pwani au kichaka, mkapatembelee kila juma kwa saa ile ile. Pili, andikeni katika daftari tarehe, saa, upepo, hali ya maji au ya mvua, na ndege mliowaona na idadi yao. Msipomjua jina, andikeni ukubwa wake, rangi ya mdomo na ya miguu, na kazi aliyokuwa akiifanya. Daftari la miaka mitatu litawaonyesha tarehe ambayo mbayuwayu hufika na tarehe ambayo huondoka, na hilo ni elimu iliyotoka mikononi mwenu wenyewe. Tatu, waulizeni wazee majina ya ndege katika lugha za nyumbani, mkayaandike. Majina mengi yaenda kusahauliwa pamoja na wenye kuyajua. Nne, maji yakijaa na ndege wamekusanyika kulala, msiwarushie mawe wala msiwaachie mbwa. Kila wanaporuka bure huchoma mafuta waliyoyakusanya kwa safari, na mchezo wa dakika moja kwenu waweza kumwangusha ndege jangwani mwezi ujao. Tano, mkimpata ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, isomeni nambari yote na maneno yote bila kukosa, mwandike mahali na siku, mkampe mwalimu apeleke habari kwenye makumbusho ya taifa. Barua moja kutoka kijijini yaweza kueleza safari ya kilometa elfu nyingi.

Katika majuma yafuatayo fungu la mchanga la Mida litabaki karibu tupu, isipokuwa kwa ndege wachanga wachache ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa. Lakini toka Agosti wale wakubwa wataanza kurudi, rangi nyekundu ikiwa imechujuka, nao watatafuta tope lile lile. Kuliweka tope hilo lingali pale ni kazi yetu sisi tuliobaki.